Nguvu za dunia zisitudanganye

Jambo linalotusumbua sana huku vijijini ni mahali tunapoweka tumaini letu wakati wa shida.

Mvua ikichelewa, ng'ombe wakifa au mtoto akiugua, wako ndugu zetu ambao hukimbilia kutafuta nguvu. Mwenye fedha hutegemea fedha zake, mwenye jamaa mkubwa mjini humtegemea jamaa huyo, na asiye na vyote viwili huuza mbuzi akanunue hirizi kwa mpiga ramli. Mwenyezi Mungu hukumbukwa mwisho, mambo yote yakishashindikana.

Sisi watu wa Usoke hatukupaswa kudanganyika hivyo, maana tunakaa kati ya Tabora na Urambo, na wenye nguvu wengi wamepita mlangoni petu. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo aliifunga njia ya misafara ya kwenda Ujiji, akapigana na Waarabu wa Tabora. Alikuwa na bunduki, tena alikuwa na rugaruga walioogopwa kila mahali. Alifariki mwaka 1884 na dola yake haikudumu. Mtemi Isike wa Unyanyembe alikuwa na boma imara. Januari 1893 Wajerumani waliliingia, naye akajilipua kwa baruti yake mwenyewe. Wajerumani nao wakadhani wamefika. Septemba 1916 Tabora ikatekwa na majeshi ya Wabelgiji, na bendera ya Mjerumani ikashuka.

Sisemi haya kuwadharau mashujaa wetu. Mirambo na Isike wanastahili heshima ya taifa. Nasema tu kwamba bunduki iliyomshinda huyu ilishindwa na bunduki nyingine, na ukuta haukumwokoa aliyeujenga.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walikuja na nguvu ya namna nyingine. Walianzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Nachingwea na hapa Urambo. Walileta mitambo mingi, hata vifaru vya vita viligeuzwa matrekta. Lakini ardhi na mvua havikupokea amri ya mtu. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, na hasara ilikuwa kiasi cha pauni milioni 36. Wahenga walikwisha kusema: jitihada haiondoi kudura.

Najua wako wasomaji watakaoniuliza: Je, mkulima asilime, na mgonjwa asiende hospitali? Hapana, ndugu zangu. Kumtegemea Mungu si kukaa kitako. Waislamu wamefundishwa kwamba mtu humfunga ngamia wake kwanza, ndipo akamtegemea Mola. Wakristo nao wanajua kwamba Daudi alimwendea Goliathi akiwa na kombeo mkononi. Jembe, dawa na elimu ni vipawa vya Mungu, tuvitumie kwa bidii. Kosa ni kuvifanya viwe Mungu.

Kosa hilo si dogo, Ndugu Mhariri, kwa sababu linaua watu. Mtu aliyeweka tumaini lake lote katika nguvu, siku nguvu hiyo ikimtupa, hutafuta wa kumlaumu. Hapo ndipo mpiga ramli anapomtajia jirani, na mara nyingi jirani huyo ni bibi kizee mwenye macho mekundu kwa sababu ya moshi wa kuni alizopikia watoto na wajukuu miaka yote. Katika mikoa yetu ya magharibi na kanda ya Ziwa wako vikongwe waliouawa kwa tuhuma za namna hii. Na hasa kuanzia mwaka 2007, ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa kama wanyama na watu wanaotaka utajiri wa haraka. Hao wote waliouawa wameponzwa na tamaa ya nguvu na woga wa watu wasiomwamini Mungu, hata kama Ijumaa au Jumapili huonekana wamejaa katika nyumba za ibada.

Serikali yetu haina dini, nami sisemi kwa niaba ya dhehebu lolote. Lakini nawaomba mashehe, mapadri na wachungaji walihubiri jambo hili waziwazi, wasiishie kuomba mvua. Nawaomba wazazi wenzangu mtoto akiugua wampeleke zahanati, ndipo wapige magoti. Na mtu yeyote akisikia bibi wa jirani anatajwa, asinyamaze, bali aende kwa mwenyekiti wa kijiji na polisi siku hiyo hiyo. Anayemtumaini Mungu kwa kweli hana haja ya damu ya mtu, na jirani yake hulala usingizi bila hofu.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Usoke, Tabora.