Saa ya Kurudi Inapangwa Nchi Kavu

Mwezi huu nataka twende pamoja kuvua samaki kilindini, nusu siku tu. Usicheke. Mwisho wa safari utaona kwamba jambo hili ni la nyumba yako.

Ndugu mmoja mfanyabiashara wa hapa Butembo, anayeleta bidhaa toka Mombasa, alinihadisia mambo ya pwani ya Kenya. Kule Malindi, Watamu na Shimoni kuna mashua za moteri ambazo wageni wanakodi kwa kuvua katika bahari kuu. Wengine wanakodi siku nzima, wengine nusu siku. Wanaondoka asubuhi mapema na kurudi karibu na saa sita. Wanatafuta jodari, na zaidi wanamtafuta nduaro, yule samaki mkubwa mwenye mdomo mrefu kama mkuki. Wakati wa upepo wa kusi, katikati ya mwaka, bahari inachafuka na mashua nyingi zinapumzika.

Mambo mawili yalinishangaza. La kwanza: feza inalipwa juu ya mashua, mafuta na kazi ya watu. Samaki hayumo katika mapatano. Ukirudi mikono mitupu, umelipa ileile. La pili: saa ya kurudi inajulikana mbele ya kuondoka. Tena wengi wakimpata nduaro wanamfungia alama yenye nambari, kisha wanamwachilia aende zake. Yule ndugu alisema: “Pasta, watu wanalipa dola nyingi, na samaki wanamurudisha mu maji!”

Mwandishi mmoja wa Marekani, Ernest Hemingway, alivua huko Malindi mwaka wa 1934. Mwaka wa 1952 alitoa kitabu juu ya mzee mvuvi wa Kuba aliyekwenda mbali mno peke yake. Mzee alipata samaki mkubwa kupita mashua yake, lakini papa walimla njiani. Mzee alifika nyumbani na mifupa. Kumbuka yule mzee, tutamrudilia.

Sisi wa Butembo na Beni hatuna bahari. Tuna ziwa Edward. Ni ziwa lenye kilometa za mraba zaidi ya 2,000, na sehemu kubwa iko upande wetu wa Kongo, ingine iko Uganda. Kilindi chake kikubwa kinapita metre 110, nacho kiko upande wetu wa magharibi, chini ya milima. Pesheri zinazokubaliwa ndani ya Parke ya Virunga ni tatu: Vitshumbi, Nyakakoma na Kyavinyonge. Kyavinyonge ndiyo inayotulisha sisi. Mama gani wa soko hajui samaki wa Kyavinyonge?

Mwaka wa 2016 nilishuka kule na vijana wanne wa kanisa kisha semina. Vijana waliomba tukodi pirogi ya moteri, tuone kazi ya wavuvi. Tulipatana na mzee mmoja mwenye pirogi: tunalipa esansi, tunalipa yeye na wasaidizi wake wawili, na samaki watakaopatikana tutagawanya. Mzee akauliza: “Tutarudi saa ngapi?” Kijana wetu mmoja akajibu: “Tukishapata samaki, Baba.” Mzee akakataa. Akasema: “Hapana, mutoto wangu. Samaki hana saa, lakini upepo iko na saa. Saa tano nageuza moteri. Kama hamukubali, mubaki hapa.” Tulikubali.

Tuliondoka saa kumi na moja ya asubuhi, kila mmoja amevaa jile ya kuelea. Viboko walikuwa karibu na majani, na mzee aliwazunguka mbali, moteri pole pole. Tulipofika kwenye maji meusi, wasaidizi walishusha kamba ndefu yenye ndoano nyingi, kila ndoano na chambo chake. Kisha tukangoja. Saa mbili, saa tatu, hakuna kitu. Vijana waliimba, wakanyamaza. Tulipovuta kamba mara ya kwanza tulipata kambale watatu tu. Tukaishusha tena.

Saa ine na nusu mambo yakageuka. Kamba ikawa nzito. Kambale mmoja, wa pili, wa tano, na samaki wengine wa ndevu, wanene kama mkono wa mtu. Vijana walipiga vigelegele. Na mimi Pasta wenu nilipiga pia, sifichi. Tulikuwa tungali katikati ya furaha ile, mzee akatazama jua, akatazama milima, akasema: “Saa tano. Tunarudi.”

Tulimsihi. Nilimwambia mimi mwenyewe: “Baba, saa moja tu, tutaongeza feza ya esansi.” Akanijibu kwa heshima: “Pasta, kama ningekubali leo, na kesho ningekubali. Na mwenye kukubali kila siku, siku moja harudi.” Akageuza moteri.

Nataka niwaambie kweli, sababu sipendi mahubiri ya uongo. Upepo haukuja saa sita. Haukuja saa saba. Tuliketi pwani tukila samaki na kutazama maji yaliyotulia kama mafuta ndani ya sahani, na vijana walinung'unika. Upepo ulikuja jioni. Kwa hiyo siwezi kusema mzee alituokoa siku ile. Lakini niliuliza bibi yake kama anaogopa wakati bwana wake yuko ziwani. Akasema: “Mbele ya saa sita siogopi. Najua saa yake.” Neno lile lilibaki ndani yangu kupita samaki wote.

Sasa, msomaji wangu, tutoke ziwani, tupande mpaka Manguredjipa, Mambasa na Mongbwalu, kwenye zahabu.

Mama mmoja wa kanisa alikuja kwangu, mtoto mgongoni. Bwana wake alikwenda kuchimba zahabu. Alisema: “Nikipata, nitarudi.” Ilikuwa sasa mwaka wa pili. Mkubwa wa watoto alikuwa amefukuzwa masomoni juu ya feza ya shule. Shamba la maharagi liliwekwa rehani. Nilianza kumpa mama maneno ya kumtia moyo, lakini yeye akaniuliza ulizo moja: “Pasta, siku ile ulimuwekea mikono na kumuombea, ulimuuliza atarudi siku gani?”

Sikumuuliza. Niliombea zahabu, niliombea njia, niliombea shimo lisianguke. Siku ya kurudi sikuitaja. Nami nilimwacha aende kama kijana wangu pale pwani: tukishapata samaki, Baba.

Tulituma habari kwa motari mmoja anayepita njia ile, na kwa wandugu wa kanisa la kule. Habari ilikuwa fupi: “Rudi, hata mikono mitupu.” Kisha miezi miwili bwana akafika usiku. Alikuwa na mfuko mmoja na sandale za plastiki. Mtoto wa mgongoni alilia kumwona, hakumjua. Asubuhi nilimuuliza: “Ndugu, kwa nini hukurudi?” Akasema: “Nilikuwa na haya, Pasta. Kila mwezi nilisema, mwezi unaokuja nitapata. Na deni kwa PDG wa shimo lilikuwa linapanda. Chakula chake, sabuni yake, dawa yake, yote yaliandikwa.”

Wandugu wachimbaji, ninyi mnajua kazi hiyo kupita mimi. PDG anatoa chakula na vyombo. Siku ya kugawanya anatoa kwanza zake. Mwenye kilima naye ana sehemu yake. Kinachobaki ndicho chenu. Shimo likikaa miezi sita bila kitu, mmekula deni la miezi sita. Si zambi kuchimba. Zahabu imechimbwa Kilo tangu miaka ya 1900, na watoto wengi wamesoma juu yake. Lakini yule mgeni wa Malindi anajua bei ya nusu siku mbele ya kupanda mashua. Wewe bei ya safari yako unaijua?

Fungua Biblia yako, Luka sura ya 5. Tunapenda kuhubiri nyavu zilizojaa mpaka zikaanza kupasuka. Lakini soma mwanzo. Bwana Yesu aliona mashua mbili pwani, na wavuvi wakiosha nyavu. Petro na wenzake walikuwa wamefanya kazi usiku mzima bila kupata kitu. Walikuwa wamerudi! Walirudi mikono mitupu, wakaosha nyavu mbele ya macho ya watu wote. Fikiri sasa: kama Petro angeona haya, kama angesema “sirudi mpaka nipate”, asubuhi ile Bwana angemkuta wapi? Mashua ya mtu aliyerudi bila kitu ndiyo Bwana aliyoingia. Haya inakuambia: usionekane. Bwana anakungoja pwani, pale pale watu wanapokuona.

Na yule mzee wa kitabu, hakuwa mvivu wala mwizi. Kosa lake lilikuwa kwenda mbali kupita nguvu zake za kurudi.

Karibu na Kyavinyonge, pale mto Semliki unapotoka ziwani, kuna Ishango. Mwaka wa 1950 Mbeleji mmoja mwenye elimu, Jean de Heinzelin, alichimbua pale mifupa iliyochongwa na wavuvi wa zamani sana, karibu miaka 20,000 iliyopita. Mlikuwa mikuki ya kuvua samaki, na mfupa mdogo wenye alama nyingi zilizokatwa kwa mistari mitatu. Mfupa huo uko Bruxelles leo. Wenye elimu wengi wanafikiri alama zile ni za kuhesabu. Walihesabu nini, siku, mwezi au kitu kingine, wao wenyewe wanabishana. Lakini naona vizuri tujifunze kwa wavuvi wale wa inchi yetu: kuvua na kuhesabu vilikaa mahali pamoja.

Basi, mbele ya kuondoka, bwana na bibi wakae mezani na daftari. Waandike mambo matatu. Tarehe ya kurudi, si “nikipata”. Feza na chakula vinavyobaki nyumbani, na vinavyokwenda. Na mwisho wa deni: likifika hapa, natoka shimoni. Watoto wakubwa wasikie tarehe hiyo. Kama tarehe inafika na shimo liko karibu kutoa, rudi kwanza, mzungumze, kisha uende tena na tarehe ingine. Ni vigumu. Mimi nilinung'unika juu ya saa moja tu ya kambale.

Mama, na wewe una kazi. Akirudi mikono mitupu, usimuulize mlangoni “umeleta nini?” Mpe maji ya kuoga, mpe ugali na sombe. Maulizo yatangoja asubuhi. Mtu aliyepigwa kwa maneno siku ya kurudi, safari ingine hatarudi.

Wazee na mashemasi, tukiwekea msafiri mikono, tumuulize siku yake na tuiandike. Siku ikipita, mmoja wetu apige telefone.

Najua, tangu mwaka wa 2014 mauaji yamefunga njia nyingi za Beni na Mambasa, na mwaka wa 2018 askari wa Kongo na wa Uganda walipigana juu ya ziwa lenyewe. Kuna baba ambaye hakurudi sababu alizuiwa au aliuawa. Jamaa yake nalia nayo, maneno haya si juu yake. Nasema na wewe ambaye njia yako iko wazi na ni haya tu inayokufunga.

Yule ndugu wa Manguredjipa alikwenda tena kuchimba, kisha msimu wa maharagi. Safari hii niliuliza mbele ya kuomba. Alisema: “Siku kumi mbele ya Noeli.” Bibi yake aliandika ukutani kwa kaa la moto. Alirudi siku tisa mbele ya Noeli, na zahabu kidogo, haikutosha hata nusu ya deni. Mtoto alimkimbilia.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani: Nani katika jamaa yetu yuko safarini bila tarehe? Tumemtumia habari gani, ya kumwomba feza ao ya kumwomba arudi?

Bwana awalinde, mtokapo na mrudipo.