Tubaki Kibaha au twende Unguja?

Mwezi uliopita niliahidi kwamba safari hii tutazungumzia wivu. Naomba radhi, wivu utasubiri. Nyumbani kwangu kumeingia jambo lililoninyima usingizi, na mimi si wa kuwashauri wenzangu kila mwezi halafu ya kwangu nikayafunika kawa.

Baba watoto amehamishwa kikazi, kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja, kwao alikozaliwa. Alirudi siku hiyo na barua mkononi, anacheka peke yake kama mtu aliyeokota pesa. Nikampa hongera, kisha nikaenda zangu jikoni nikafunga mlango.

Niwaeleze kwanza tunapoishi. Tuko Kibaha, kilomita kama 40 kutoka katikati ya Dar. Ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Pwani, ila ukija usitegemee makubwa. Wengine wanaijua kwa Shirika la Elimu Kibaha, lililotokana na mradi wa nchi za Nordic wa miaka ya 1960. Wengi zaidi wameiona kwenye dirisha la basi tu, wakipita Maili Moja kwenda mikoani. Sisi tunaijua kwa utulivu. Usiku ni vyura na mbwa wa jirani, basi. Nyumba tuliijenga kwa miaka sita, tofali moja moja, na hati ina majina yetu mawili. Kuna miembe mitatu, na nyuma kuna banda la kuku wa mayai 300. Nikiamka vizuri naokota trei nane kwa siku. Ada za watoto zinatoka kwenye banda lile, na mume wangu analijua hilo.

Kwao sasa ni Mji Mkongwe, nyumba ya ghorofa mbili kwenye kichochoro ambacho gari haliingii. Sayyid Said alipohamishia makao yake kutoka Muscat, karibu mwaka 1840, Unguja ikawa mji mkuu wa himaya nzima, na majumba ya mawe yakazidi kuota. (Huwa najiuliza, wake zake aliwauliza kwanza, au waliambiwa tu wafungashe?) Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza mji huo kwenye orodha ya urithi wa dunia. Ni mji wa heshima, sikatai. Nimekwenda mara nyingi siku za Idi, nakula urojo, siku ya nne napanda boti narudi kwangu. Lakini kutembelea na kuhamia ni vitu viwili.

Jamani, niseme ukweli. Kilichonitisha si joto wala vichochoro. Kibaha mimi ndiye mwenye nyumba. Kule nitakuwa mke wa mtoto wa mwenye nyumba. Baba mkwe alishafariki, mirathi haijagawanywa, na warithi ni mama mkwe na watoto watano, mmoja yuko Muscat, mwingine Dar.

Shosti wangu mmoja akanishauri nimwache aende peke yake. "Boti ni saa mbili tu, atakuja Ijumaa." Nililipenda wazo hilo, mpaka nilipokaa nikapiga hesabu. Hivi hapa Kibaha tunaonana lini? Anatoka saa kumi na nusu alfajiri kuwahi foleni, anarudi saa tatu usiku. Mwendokasi ulipoanza mwaka 2016 tukasema afadhali, lakini uliishia Kimara. Barabara ya Kimara mpaka Kibaha ikapanuliwa, tukasema afadhali tena. Saa tatu ni ileile. Miaka tisa tunapishana kama walinzi wa zamu. Ule utulivu ninaousifia ni wangu peke yangu, yeye anaulalia tu.

Basi tukakubaliana nikajaribu. Likizo ya Juni nikafunga virago na watoto, wiki nne.

Wiki ya kwanza nilitaka kurudi. Nikinunua jodari Darajani, kabla sijafika nyumbani wifi anajua nimenunua kwa bei gani, na kwamba nimepigwa. Kugombana na mume ndiyo usiseme, maana ukinyoosha mkono dirishani unagusa dirisha la jirani. Siku tuliyochefuana kweli, ilibidi tutembee mpaka Forodhani tukagombane kwa kunong'ona, pembeni ya wauza mishikaki. Tulipofika nusu ya hasira zilikuwa zimeishia njiani.

Wiki ya pili, Jumatatu, saa saba mchana, nasikia hatua kwenye ngazi. Baba watoto. Nikaogopa.

"Kuna nini?"

"Nimekuja kula."

Ofisi yake ni dakika kumi kwa miguu. Msomaji, tangu tumeoana sikumbuki kula naye chakula cha mchana siku ya kazi. Nilimpakulia wali na mchuzi wa papa, mkono unatetemeka kama bi harusi. Akala, akajilaza nusu saa, akarudi kazini. Kesho yake akaja tena.

Ningeishia hapa ingekuwa hadithi tamu, lakini nyumba yenyewe inaumwa. Ukuta wa nyuma unabomoka vumbi jeupe kila asubuhi. Fundi wa chokaa alipokuja aliugonga kwa kidole tu, akaguna. Kuta zile ni mawe ya matumbawe na chokaa, zinanyonya maji na kuyatoa. Shemeji yangu mmoja, zamani, aliziba nyufa kwa simenti. Simenti inafungia unyevu ndani, ukuta unaoza kimyakimya, na boriti za mikoko zilizochomekwa humo zinaoza nazo. Boriti moja iko juu ya kitanda cha mama mkwe. Na huwezi kuamka tu ukaita mafundi, lazima kibali cha mamlaka ya Mji Mkongwe. Baada ya sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, kuporomoka Desemba 2020 na kuua watu wawili, sijui nani kule anaweza kucheka akiona ufa.

Makadirio ya fundi yalikaribia akiba yetu yote. Akiba ya mayai, wapendwa, kuingia kwenye ukuta wa warithi sita!

Nilimwambia mume wangu palepale Forodhani. Akanyamaza, akaangalia bahari. "Kwa hiyo nimwache mama alale chini ya boriti ile?" Sikuwa na jibu. Nililia, na muuza miwa akanipa kiti.

Kesho yake mama mkwe akaniita chumbani.

"Mwanangu, kaa hapa. Ulokuwa ukimwambia mumeo Forodhani nishaambiwa."

Nilitamani ardhi ipasuke.

"Usione haya. Mie nilipoolewa humu niliuza bangili zangu mbili za dhahabu, tukaezeka paa. Hakuna alieandika. Leo nani anajua?"

Akachukua simu yeye mwenyewe, akaanza na binti yake wa Muscat. Ndani ya wiki kikao cha familia kikakaa, wengine chumbani, wengine kwenye simu. Wakakubaliana kwamba kila shilingi tutakayotia kwenye nyumba iandikwe, na siku ya kugawa itolewe kwanza kama deni, kabla ya fungu la mtu yeyote. Na bangili mbili zikaandikwa pia, nililishikilia hilo. Wifi wa Muscat alinuna siku mbili, akakubali. Shemeji wa Dar hajasaini mpaka leo, anasema anasoma. Ukurasa mmoja!

Kwa hiyo dada zangu mnaoniandikia "nimfuate au nisimfuate", mimi sasa siulizi tena mji upi mzuri. Nauliza tutaonana saa ngapi kwa siku, na jina la nani liko kwenye karatasi.

Tunahama. Kibaha hatuuzi, mdogo wangu atakaa pale na kuku, faida nusu kwa nusu. Atakayesema nimeshindwa na ukweni aandike tu, barua nitasoma. Ukuta utaanza kwa chumba cha mama mkwe, shemeji asaini asisaini.

Kilichobaki ni kitanda. Kile cha mninga, sita kwa sita, tulichonunua kabla hata ya kupiga plasta. Ngazi ya Mji Mkongwe haikipitishi. Baba watoto anasema tukiache, tununue kingine kule. Nimekataa. Fundi anakuja Jumamosi kukata ubao wa kichwani katikati na kutia nati, kisha kitapandishwa vipandevipande kwa kamba dirishani, kichochoro kizima kikiangalia. Nimemwambia asiweke msumeno mpaka niwepo.