Ujirani Si Kitambulisho

Tunapenda kujisifu eti Nairobi imewapokea wakimbizi. Wamefungua maduka Eastleigh, watoto wao wanacheza na wetu. Sawa. Lakini Aprili 2014, polisi walipowabeba maelfu hadi uwanja wa Kasarani, huo ujirani ulimtoa nani? Askari hakuuliza kama unajulikana kwenye ploti. Aliuliza karatasi.

Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inataja haki ya kufanya kazi. Basi toeni vibali, si maneno! Mimi naweza kumpa jirani chumvi, hata kumkopesha kodi ya nyumba. Haki siwezi kumpa. Hiyo ni kazi ya serikali. Bila hiyo, anaishi kwa hisani yangu, akiombea kila siku nisiamke vibaya.