Nchi Hii Iliunganishwa kwa Ahadi

Wako wanaotuambia kwamba Kenya imekuwa nchi moja tangu mwanzo, na kwamba anayedai mamlaka yashuke mashinani anataka kuigawa. Historia haisemi hivyo. Hadi mkesha wa 12 Desemba 1963, gavana mmoja Mwingereza alitawala hapa nchi mbili. Bara lilikuwa Koloni. Ukanda wa pwani wa maili kumi, pamoja na Mombasa na Lamu, ulikuwa Himaya. Ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, aliyewaachia Waingereza kuuendesha tangu 1895 kwa malipo ya kila mwaka, na bendera yake nyekundu ilipepea juu ya Ngome ya Yesu.

Nchi hizo mbili hazikuunganishwa kwa mkuki. Wafuasi wa Mwambao walitaka pwani ijitawale yenyewe. Wapwani wengine walipinga. Mwaka wa 1961 James Robertson alitumwa kusikiliza pande zote, akapendekeza muungano wenye kinga kwa walio wachache. Tarehe 5 Oktoba 1963 Waziri Mkuu Jomo Kenyatta na mwenzake wa Zanzibar, Mohamed Shamte, waliandikiana barua. Kenya iliahidi uhuru wa dini, mahakama za Kadhi na kuheshimiwa kwa hati za mashamba ya pwani. Siku tatu baadaye mkataba ukatiwa sahihi. Katiba ya uhuru nayo ikaigawia mikoa saba mabunge yake, na Seneti ikawekwa iwe mlinzi.

Tusiipambe habari hii kupita kiasi. Wapwani hawakupigiwa kura ya maoni. Na Kaskazini Mashariki mambo yalikwenda vingine: tume ya 1962 ilisikia kwamba wengi wa wakazi walitaka kuungana na Somalia, wasisikilizwe, na vita vya shifta vikaendelea hadi 1967. Palipokuwa na mapatano, hata yenye kasoro, palipatikana amani. Pasipokuwa na mapatano, damu ilimwagika.

Lakini ahadi iliyoandikwa huhitaji mtu wa kuitunza. Mnamo Novemba 1964 chama cha KADU, kilichoitetea mikoa, kilijivunja. Mwezi uliofuata Kenya ikawa jamhuri, na mamlaka ya mikoa yakaanza kunyofolewa. Mwaka wa 1966 Seneti ikafutwa, na mwaka wa 1982 sheria ikakataza chama cha pili. Neno majimbo, lililokuwa na maana ya utawala ulio karibu na mwananchi, lilirudi majukwaani mwaka wa 1991 likiwa na maana ya kumfukuza jirani. Maelfu ya watu wa Bonde la Ufa walipoteza makao yao kwa tafsiri hiyo. Ilibidi tungoje hadi Katiba ya 2010 ili Seneti irudi na kaunti 47 zipewe mamlaka.

Wengi wetu makanisani tuliuliza mwaka huo kwa nini mahakama za Kadhi zimo ndani ya Katiba. Jibu limo katika barua zile za 1963. Sultani alipinduliwa 12 Januari 1964, mwezi mmoja tu baada ya uhuru, lakini ahadi haikufa naye. Tuwakumbuke Wagibeoni. Yoshua aliwaapia, na vizazi vingi baadaye Sauli akakivunja kiapo hicho. Njaa ikawapata Waisraeli wa siku za Daudi. Mungu hakuuliza kama waliokula kiapo walikuwa bado hai.

Sasa tutazame hapa petu. Wanubi waliletwa Kibera na Waingereza kama askari, wakapewa kuishi kwenye ekari zaidi ya 4,000 za msitu. Ilipofika 1963, hapakuwa na barua ya kuwalinda. Wapwani waliahidiwa heshima kwa hati zao. Mnubi hakuwa hata na hati ya kuheshimiwa. Mwaka wa 2017 ndipo jamii hiyo ilipokabidhiwa hati ya ekari 288. Nao wapangaji waliojengewa vibanda pande zote, watu wa kila kona ya Kenya, hawana karatasi yoyote hadi leo.

Kawangware mnajua wenyewe. Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio, majirani waliochota maji kwenye mfereji mmoja waligeukiana, na nyumba zikachomwa. Kibera iliungua miaka kumi kabla ya hapo. Mara zote mbili kilichosikika ni kile kile: rudini kwenu.

Kifungu cha 39 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kuishi popote nchini. Hiyo ndiyo ahadi ya muungano wetu, na wa kuitunza ni sisi. Mgombea akija kuomba kura katika mtaa wetu, tumuulize hadharani mambo mawili: atafanya nini ili mkazi wa Kibera na Kawangware apate haki ya ardhi anayoikalia, na atasema nini siku wafuasi wake watakapomwambia jirani arudi kwao. Asiyejibu asipewe kura, hata awe wa kabila letu, hata awe wa kanisa letu.