Rangi Tatu na Madai ya Mashabiki
BARAZANI, na Salim Mwinyikombo

Kuna mapenzi ambayo humtukuza msanii siku ya kwanza na kumfunga siku ya pili, na sijui mfano wake ulio dhahiri kuliko yale yaliyowafika Jack White na Meg White, vijana wawili wa mji wa Detroit huko Marekani, ambao kwa jina la The White Stripes walitoa mwezi Juni 2005 albamu yao ya tano, Get Behind Me Satan, wakawakuta baadhi ya wale wale waliokuwa wakiwashangilia wanauliza gitaa limekwenda wapi.

Ili mshangao huo ueleweke, yafaa kukumbuka walikotoka. Albamu iliyotangulia, Elephant ya mwaka 2003, sehemu kubwa yake ilirekodiwa London katika studio ndogo ya Toe Rag kwa mitambo ya zamani, na wenyewe wakaandika kwa fahari kwamba hakuna kompyuta iliyotumika katika kazi ile. Humo mlikuwa na Seven Nation Army, wimbo ambao mlio wake wa mwanzo hudhaniwa na wengi kuwa ni wa gitaa la besi, ilhali ni gitaa la kawaida lililoshushwa sauti kwa kifaa cha kukanyaga kwa mguu. Mlio huo ukadakwa na mashabiki wa timu ya kandanda ya Club Brugge ya Ubelgiji walipokwenda Milan mwezi Oktoba wa mwaka ule ule, na haikutimia miaka mitatu ila halaiki ya Waitaliano walikuwa wakiuimba bila maneno katika Kombe la Dunia la 2006. Watu waliokwisha kuonjeshwa nguvu ya namna hiyo walikuwa na kila sababu ya kutamani nyingine. Kutamani, nasema, wala si kudai.

Basi albamu mpya ikafunguliwa kwa Blue Orchid, wimbo wenye gitaa la umeme linalokwaruza kama walivyozoea, nao ndio uliotangulizwa sokoni. Lakini aliyeinunua sahani nzima kwa ajili ya wimbo ule alikuta kwamba baada yake gitaa hilo limejitenga, likarejea mara chache tu, na mahali pake pamekaliwa na piano, marimba, na gitaa kavu lisilo la umeme. Jack naye alijitokeza na sharubu nyembamba, kofia nyeusi na mavazi ya mtu wa zama zilizopita, hata waliompenda kwa fulana yake nyekundu wakaona kama wameletewa mgeni. Wapo waliofurahi, na wahakiki wengi waliisifu kazi ile, ikapata tuzo ya Grammy mwaka 2006. Lakini wapo waliohisi wamekhiniwa, wakasema hii si bendi yao. Ni hilo neno la mwisho, yao, ninalotaka kulikalia leo.

Sura ambayo bendi hiyo ilijulikana kwayo, ya rangi tatu, nyekundu, nyeupe na nyeusi, haikubuniwa na mashabiki, wala haikubuniwa na kampuni kwa ajili ya kuuza. Jack, ambaye kwa kuzaliwa ni John Gillis, alikuwa fundi makochi kabla ya kuwa mwanamuziki wa kutegemewa, na tangu zamani hizo idadi ya tatu ilikuwa imemkaa moyoni: rangi tatu, na vitu vitatu katika wimbo, yaani sauti, gitaa na ngoma, basi. Albamu yao ya pili, ya mwaka 2000, waliipa jina De Stijl, ambalo ni jina la kundi la wasanii wa Uholanzi wa mwanzoni mwa karne iliyopita walioshikilia mistari iliyonyooka na rangi chache za asili, wakamtunukia kazi ile Gerrit Rietveld, mtengeneza viti na msanifu majengo wa kundi hilo, pamoja na Blind Willie McTell, mwimbaji wa bluzi wa Georgia. Mwenye kuzingatia ataona muradi wao waziwazi: msanii alijinyima kwa hiari yake, ili uchache umlazimishe kutafuta, na ili asijifiche nyuma ya wingi wa vyombo.

Ndani ya sura hiyo mlikuwa pia na jambo jingine, nalo ni kwamba walijitambulisha kwa watu kuwa ni ndugu wa tumbo moja. Mwaka 2001 magazeti yalifukua hati zilizoonyesha kwamba walioana mwaka 1996, Jack akachukua jina la ukoo la mkewe, na wakaachana mwaka 2000. Uongo ni uongo, wala sitaupamba kwa jina jingine. Hata hivyo sababu aliyoieleza Jack baadaye ina uzito, kwamba watu wakiona mume na mke jukwaani huhangaika na habari za unyumba, ilhali wakiona kaka na dada huusikiliza muziki. Na mambo yaliyofuata yalimpa haki, kwani tangu hati zile zilipotoka walikuwapo walioshughulika na talaka yao kuliko nyimbo zao.

Kwa hiyo mimi naona kwamba mashabiki wale walikosea mahali pamoja kwa namna mbili. Waliitwaa sura kuwa ni ahadi waliyoahidiwa wao, kumbe ilikuwa ni kanuni aliyojiwekea mtunzi. Kisha walidhani kiini cha kanuni hiyo ni gitaa, kumbe ni uchache. Sikiliza The Nurse, wimbo wa pili: marimba inakwenda kwa upole, sauti ya Jack iko karibu na sikio, na ghafla ngoma za Meg zinaanguka mahali usipozitazamia, zikanyamaza, zikaanguka tena, hata msikilizaji hana pa kujiegemeza. Ni watu wawili wale wale, na ukavu ule ule. Aliyeondoa gitaa hakuivunja nyumba, bali aliondoa nguzo iliyokwisha kuwa rahisi kwake, na kwangu mimi huo ni ujasiri mkubwa kuliko kurudia kilichokwisha kushangiliwa viwanjani.

Tena ajabu ni kwamba madai ya mashabiki yamo ndani ya albamu yenyewe. Katika Take, Take, Take msemaji ni shabiki aliyemkuta Rita Hayworth, nyota wa sinema wa zamani, katika baa. Anaomba saini yake, anapewa. Anaomba picha, anapewa. Kisha anataka shungi la nywele zake, na kila anapopewa hujiona bado anadai, mpaka yule mwanamke anapochoka, naye akaona amedhulumiwa. Mtunzi hamtukani shabiki huyu, bali anamwachia aseme mwenyewe, na kila ombi lake, likichukuliwa peke yake, ni dogo na la adabu. Sidhani kama ulipata kuandikwa wimbo ulio wa insafu zaidi juu ya jambo hili, na nasikitika kwamba wengi waliupita wakitafuta gitaa.

Aliyelipa zaidi kwa madai hayo ni Meg. Mwaka 1997 aliketi mbele ya ngoma za Jack bila kuwa mpiga ngoma, na mwaka huo huo wakapanda jukwaani. Mpigo wake ulikuwa mzito, usio na madoido, nao ndio ulioipa bendi ile umbo, maana Jack aliweza kupotoka atakavyo akijua kuna mtu asiyeyumba nyuma yake. Kwa miaka mingi watu wasiotosheka wamekuwa wakisema hajui kupiga. Mwaka 2007 walitoa albamu ya Icky Thump, gitaa likarejea kwa kishindo, na waliolalamika wakajiona wameshinda. Lakini Septemba ya mwaka huo ziara ilikatizwa kwa sababu Meg alishikwa na wahka mkali usiomruhusu kusafiri. Hawakutoa albamu nyingine ya studio tena.

Tarehe 2 Februari 2011 walitangaza kwamba wameacha, si kwa ugomvi wala kwa maradhi, bali hasa kwa kutaka kuhifadhi kilichokuwa kizuri; na katika tangazo hilo wakawaambia mashabiki kwamba sasa The White Stripes si mali ya Jack na Meg, ni yenu, ifanyeni mpendavyo. Hiba hiyo ilitolewa kazi ilipokwisha, wala haikutolewa ilipokuwa hai mikononi mwao, na waliyoitoa ni nyimbo. Tangu wakati ule Meg amekaa faraghani. Mwaka 2023 upigaji wake ulizushiwa tena mjadala mkali huko Marekani, wengi wakamtetea, na mwaka 2025 bendi yao ilipoingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame, Jack alikwenda kupokea heshima hiyo lakini Meg hakuonekana. Pakasikika tena maswali ya yuko wapi, anafanya nini, kwa nini hasemi. Nami nasema hayo hayamo katika hiba. Anayemtaka Meg na aiweke sahani ya mwaka 2005, asikilize ngoma za The Nurse zinavyoanguka, kisha amwache mwenyewe akae anakotaka kukaa.