Saa Mbili Ulizosaini



Ndugu yangu unayefundisha utangulizi wa TEHAMA chuoni kama mwalimu wa muda, leo nina neno nawe. Unalipwa kwa saa. Umesaini saa mbili. Umefundisha ngapi?

Najua una kazi nyingine mjini, na malipo ya chuo ni madogo tena huchelewa. Lakini ulikubali mwenyewe. Umefika nusu saa baadaye, ukasoma slaidi, ukawaandikisha kwamba RAM ni kumbukumbu ya muda, ukaondoka. Mwenye laptopu kwao hakudhuriki. Anayedhulumiwa ni yule binti aliyekuja na simu tu, hajawahi kushika kipanya. Atakariri kwamba baiti moja ni biti 8, atafaulu mtihani, kisha siku akiajiriwa atachapa barua nzima, umeme ukatike, barua ipotee, naye asijue kwa nini.

Mkalishe mbele. Ashike kipanya yeye, na wale wajuzi (hawakosekani darasani) wasubiri. Aandike mistari mitatu, asihifadhi, kisha chomoa waya wa umeme. Washeni tena, aitafute. Hapo RAM ataielewa, na hatoisahau.

Na zile saa ulizosaini bila kufundisha ni deni, hata kama walimu wenzako wote wanafanya hivyo. Fidia vipindi. Ukishindwa, nenda kwa mhasibu kabla ya malipo kutoka, mwambie azipunguze. Utaona haya, ndiyo. Nenda tu.