Barua ikishaandikwa, hicho si kikao cha kushauriana

Mwajiri anayepunguza wafanyakazi kabla ya kuwaita mezani anavunja sheria ya nchi yetu, Tanzania. Anaivunja hata kama biashara yake inayumba kweli na hesabu zake zinaonyesha hasara. Tunalisema hili wazi kwa sababu katika ofisi na viwanda vyetu umezoeleka utaratibu mwingine kabisa, na waliozoea kuufuata wanauita halali.

Utaratibu wenyewe unajulikana. Ijumaa jioni mtu anaitwa kwa ofisa rasilimali watu. Mezani kuna barua yenye jina lake, tarehe na hesabu ya malipo. Barua inataja mabadiliko ya muundo wa kampuni na inamshukuru kwa utumishi wake. Kando yake iko karatasi ya pili, inayosema kwamba pande mbili zimekubaliana kuachana kwa hiari. Anaambiwa asaini zote mbili ndipo alipwe. Akirudi kwenye kiti chake, kompyuta imeshafungwa. Getini mlinzi anamdai kitambulisho. Jumatatu kampuni inasema ilishauriana na wafanyakazi, na ushahidi wake ni ile saini.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikukusudia hivyo. Inamtaka mwajiri atoe taarifa mara tu wazo la kupunguza watu linapoanza kufikiriwa. Inamtaka aweke wazi taarifa zote zinazohusu uamuzi huo, kisha ashauriane na chama cha wafanyakazi, au na wafanyakazi wenyewe pale wasipokuwa na chama. Mambo ya kuzungumzwa yametajwa: sababu za kupunguza, njia za kuepuka au kupunguza idadi ya watakaoondoka, namna ya kuwachagua, muda, na malipo. Yote hayo yana maana kabla ya majina kupangwa. Ukishajua nani anaondoka na lini, kilichobaki ni kutangaza.

Mazungumzo ya kweli huokoa ajira. Wafanyakazi wanaoonyeshwa vitabu vya hesabu wanaweza kukubali kupunguza saa za ziada, kwenda likizo bila malipo kwa zamu, au kuhamia kitengo kingine. Wapo wanaokaribia kustaafu ambao wangeondoka wenyewe kama wangeulizwa. Meneja aliyejifungia na mshauri wake hawezi kuyajua hayo. Msimamizi wa zamu anayajua, na mhasibu msaidizi anajua ni gharama gani ingeweza kukatwa kabla ya mshahara wa mtu.

Kinachotukera zaidi ni mwajiri anayemchoka mfanyakazi, au anayemwogopa kwa sababu ni kiongozi wa tawi la chama, kisha akamwondoa kwa kisingizio cha kupunguza. Kupunguza kunahusu nafasi ya kazi isiyohitajika tena kwa sababu za kiuchumi, kiteknolojia au kimuundo. Kama nafasi ileile inatangazwa mwezi unaofuata kwa cheo kilichobadilishwa maneno mawili, basi nafasi haikupunguzwa. Aliyefukuzwa ni mtu, na angestahili kuelezwa kosa lake na kusikilizwa.

Tunakubali kwamba zipo biashara zinazoshindwa kweli. Kampuni inayokosa wateja haiwezi kulazimishwa kulipa mishahara hadi ifilisike, maana hapo wote watapoteza. Sheria inampa mwajiri huyo mlango wa kupita, na mlango wenyewe si mwembamba. Asiyeutumia hana cha kulalamikia.

Bunge nalo lina deni. Kiinua mgongo kwa sheria yetu ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, na hesabu inakomea miaka 10. Maana yake, aliyefanya kazi miaka 10 anapata mshahara wa siku 70, na aliyefanya miaka 22 kwa mwajiri huyohuyo anapata siku 70 vilevile. Miaka yake 12 haipo kwenye hesabu. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka si chini ya siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Mtu wa miaka 22 huko anaanzia siku 330. Wa kwetu akilipa kodi ya nyumba ya miezi sita, kama wenye nyumba wengi wanavyodai, na ada ya muhula mmoja, fedha imekwisha kabla hajaandika barua ya kuomba kazi nyingine. Ukomo huo wa miaka 10 uondolewe, na siku 7 ziongezwe.

Kupunguzwa bila kushauriwa si jambo jipya: wazazi wetu walikuona miaka ya 1990, baada ya Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma kuundwa mwaka 1992 na mashirika kuanza kuuzwa au kufungwa. Watu waliingia kazini asubuhi na kukuta majina yao ubaoni. Sheria ya 2004 ilikuja baada ya machungu hayo. Mwajiri wa leo anayeficha majina kwenye droo hadi Ijumaa anaturudisha kwenye ubao ule.

Kwa aliyekwisha kupewa barua: usisaini makubaliano ya hiari ambayo hukuyafanya. Omba muda uisome karatasi, na uondoke na nakala. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali hufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa Fomu Namba 1, ndani ya siku 30. Wengi huzimaliza siku hizo wakipiga simu kazini, wakiambiwa suala lao linashughulikiwa. Siku ya 31 watalazimika kwanza kuomba kuongezewa muda na kueleza kwa nini walichelewa, na ahadi ya simu haina karatasi ya kuithibitisha.